Kwani Sufuria Imeoza?

Asubuhi moja ya Januari 2009, mvua ya usiku ikiwa imeacha madimbwi kwenye uwanja wa yadi ya Baba Mdogo mjini Tabora, mama mmoja wa makamo aliingia na sufuria tatu kuukuu alizozifunga kwenye kanga. Mbili zilikuwa zimetoboka kitako, na ya tatu ilikuwa imebonyea ubavuni kiasi cha kukataa mfuniko. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mzani siku hiyo. Nilizifunga kwa kamba, nikazitundika kwenye ndoano chini ya mwembe, mshale ukatetema kidogo kisha ukatulia kwenye kilo mbili na robo, nami nikamtajia hela yake. Hakuipokea. Aliutazama mshale, akanitazama mimi, akasema kwa upole uleule aliotusalimu nao: "Mwanangu, mwezi wa nane jirani yangu alileta sufuria kama hizi hapahapa, akalipwa mara mbili ya hiyo. Kwani sufuria imeoza?"

Nilimjibu kwa maneno ambayo kila mpima vyuma chakavu anayo mdomoni: "Bei imeshuka, mama." Akauliza, "Nani kaishusha?" Hapo nilikosa la kusema. Akazifungua sufuria zake kwenye ndoano mwenyewe, akazirudisha kwenye kanga, akatoka.

Nilikaa kwenye yadi ile karibu miaka sita, na swali la yule mama halijawahi kunitoka. Shuleni, mwalimu wetu wa uchumi alichora ubaoni mistari miwili inayokatana, mmoja wa ugavi na mwingine wa uhitaji, akatuambia kwamba pale inapokatana ndipo bei ilipo. Sikumpinga wakati ule na simpingi sasa. Lakini mfano aliotupa ulikuwa wa machungwa, na chungwa lina mkulima aliyeamua kulipanda baada ya kusikia kwamba machungwa yanalipa. Chuma chakavu hakina mkulima. Hakuna mtu anayenunua baiskeli kwa kutarajia kwamba miaka 15 baadaye fremu yake itakuwa na bei nzuri kwenye mzani, na kwa sababu hiyo pekee soko la vitu hivi lina tabia ambazo soko la machungwa halina.

Nianze na jibu la swali lenyewe, la nani aliyeshusha.

Bei iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa Baba Mdogo haikuanzia Tabora. Ilianzia mwisho wa safari ya mzigo, ikarudi kinyumenyume. Kiwanda cha nondo cha Dar es Salaam kinajua kinauza nondo kwa kiasi gani, na kinajua pia kwamba kikikosa chakavu cha hapa nchini kinaweza kuagiza chuma kilichokwisha kuyeyushwa kutoka nje. Gharama ya chuma hicho cha nje ndiyo dari ambayo bei ya chakavu haiwezi kuipita. Kutoka kwenye dari hiyo kiwanda kinakata umeme wa tanuru, kinakata uzito utakaopotea kwa kutu, udongo na rangi, kisha kinatangaza bei ya getini. Tajiri anayepeleka mzigo (katika biashara hii mnunuzi mkubwa huitwa tajiri hata akiwa amezama kwenye madeni) anakata nauli ya lori, vibarua wa kupakia na kushusha, ushuru wa njiani, riba ya fedha aliyokopa na faida yake. Baba Mdogo naye anakata kodi ya uwanja, posho ya mlinzi na ugali wetu sisi vijana wake. Kinachobaki baada ya wote hao kukata ndicho kinachoandikwa ubaoni, na ndicho anachopewa aliyekuja na mfuko begani.

Nitumie namba za kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme geti la kiwanda linatoa shilingi 1,000 kwa kilo ya chuma, na makato yote ya katikati ni shilingi 600. Mwokotaji wa Tabora anapata 400. Sasa bei ya getini ishuke hadi 800, yaani ipungue kwa moja ya tano. Lori halina habari kwamba bei imeshuka. Dizeli ni ileile, vibarua ni walewale, na makato yanabaki 600. Mwokotaji anapata 200. Punguzo la moja ya tano kule Dar es Salaam limekuwa punguzo la nusu huku kwetu. Getini pakiendelea kushuka hadi 600, Dar es Salaam watu bado watauza na kununua huku wakilalamika, lakini Tabora kilo ya chuma itakuwa haina bei kabisa. Hesabu hii ni nyepesi kiasi kwamba naona haya kuiandika, lakini mimi nilihitaji miaka miwili ya kushika mzani ndipo nikaielewa, na nimewahi kuwasikia watu wenye shahada wakieleza tofauti ya bei kati ya Dar es Salaam na mikoani kana kwamba ni ukatili tu wa madalali. Ukatili upo, na nitaufikia, ila sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kilomita.

Kwa reli ya kati, Tabora iko takribani kilomita 840 kutoka Dar es Salaam, na Kigoma takribani kilomita 1,250. Ndiyo maana kila soko lilipolegea wenzetu wa Kigoma walinyamaza kabla yetu: makato yao yalikuwa makubwa zaidi, kwa hiyo sifuri yao ilikuwa karibu zaidi. Nilimsikia Baba Mdogo akiitumia Kigoma kama mvuvi anavyolitumia wingu. Akipigiwa simu kwamba wanunuzi wa kule wameacha kupokea mabati na chuma chepesi, alipunguza bei yake jioni hiyohiyo bila kungoja neno lolote kutoka Dar es Salaam.

Shaba ni habari nyingine. Kilo moja ya shaba ina thamani kubwa mno ukiilinganisha na nauli yake, kwa hiyo umbali unaila kidogo tu, na bei yake Kigoma haipishani sana na ile ya Dar es Salaam. Watu wa Unyamwezi walikuwa wameshaijua hesabu hii kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Misafara ya karne ya 19 ilipita hapa na pembe za ndovu kuelekea pwani, ikarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Na Msiri, aliyeondoka Unyamwezi na kujenga utawala wake Katanga hadi alipouawa mwaka 1891, alivutwa kule kwa sehemu kubwa na shaba, njia ambayo baba yake alikuwa ameitembea kabla yake. Mpagazi hubeba kichwani kitu ambacho thamani yake inaishinda njia. Hakuna msafara uliotoka Unyanyembe, yaani hapa Tabora, kupeleka mahindi Bagamoyo, na kwa sababu hiyohiyo kuna vyuma vinavyolala porini hadi leo, pembeni ya barabara za vumbi za Sikonge na Urambo, navyo ni mali halali kabisa isiyo na wa kuidai.

Nauli yenyewe nayo ina ugavi na uhitaji wake, jambo ambalo ubao wa shuleni haukunionyesha. Lori linalokuja Tabora na saruji, sukari au soda lazima lirudi, na dereva angependa kurudi na chochote kuliko kurudi mtupu. Mzigo wa chakavu ulikuwa ukiishi kwa hisani ya malori hayo ya kurudi. Lakini katikati ya mwaka, tumbaku inapouzwa na kuanza kusafirishwa kwenda viwanda vya Morogoro, malori yote yanapata mzigo mnono, na tajiri wa vyuma anaambiwa alipe kama wenye tumbaku au asubiri. Hapo bei yetu ya chuma ilishuka wakati bei ya getini haijaguswa. Mwokotaji wa mjini aliyelipwa pungufu mwezi wa saba alikuwa analipishwa kwa sababu mkulima wa Urambo amevuna vizuri, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba wanahusiana.

Mafuriko yaliyokata reli ya kati eneo la Kilosa, kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, yalitufundisha hilohilo kwa ukali zaidi. Kwa wiki nyingi hakukuwa na behewa la kupeleka mzigo pwani, na barabara ya kupitia Itigi ilikuwa bado ya udongo, hivyo lori lililotaka kuwa salama wakati wa mvua lilizunguka kupitia Nzega na Singida. Chuma hakikupungua thamani hata senti moja duniani. Tani zetu zilikaa tu chini ya mwembe zikiota majani, na Baba Mdogo aliacha kununua kwa sababu hela yote ilikuwa imegeuka kuwa rundo.

Sasa ugavi. Hapa ndipo ninapotofautiana na ubao wa mwalimu.

Mwalimu alisema bei ikipanda, wauzaji huleta zaidi, na bei ikishuka huleta kidogo. Kwenye mzani wetu, siku zilizokuwa na foleni ndefu kuliko zote zilikuwa za Januari na Februari, na bei za miezi hiyo hazikuwa nzuri. Januari shule zinafunguliwa. Februari ghala limeisha na mahindi mapya bado yako shambani. Mtu huleta jembe lililokatika, ringi ya baiskeli, redio ya marehemu baba yake, kwa sababu amebanwa, na aliyebanwa haangalii ubao. Mara nyingi bei mbaya ilimfanya alete zaidi: kama ada inataka kiasi fulani na kilo imeshuka, basi kilo lazima ziongezeke, na anarudi nyumbani kutafuta kitu kingine. Mwezi wa saba, hela ya tumbaku na mpunga ikiwa mifukoni, yadi ilikuwa kimya, na vitu vilevile vilikuwa vimeegemezwa nyuma ya nyumba zilezile. Kwa hiyo nadiriki kusema kwamba ugavi wa chakavu mjini kwetu ulikuwa ukifuata kalenda ya njaa kwa karibu kuliko ulivyofuata bei. Matajiri walilijua hili barabara, na hapa ndipo ukatili niliouahidi unapoingia: mnunuzi anayejua kwamba muuzaji hana siku ya kesho hana haja ya kumwongezea kitu leo.

Isipokuwa kwa shaba. Waya wa shaba unaingia chini ya kitanda, haupati kutu ya kuula, na hauchukui nafasi. Mafundi umeme na mafundi mota waliokuwa wakituletea shaba walikuwa na subira ya ajabu. Walikuja mikono mitupu, wakasalimu, wakauliza bei kama wanauliza hali ya hewa, wakaondoka. Wiki bei ilipopanda, walifika wote kwa pamoja na vifurushi walivyovikusanya mwaka mzima. Kwenye shaba mstari wa mwalimu ulikuwa sahihi kabisa, na tofauti haikuwa kwenye akili za watu. Ilikuwa kwenye godoro. Anayeweza kuhifadhi ndiye anayeweza kukataa, na anayeweza kukataa ndiye mwenye kauli kwenye bei. Chupa za maji 1,000 hazikai chini ya kitanda cha mtu.

Kulikuwa na ugavi wa aina ya tatu ulioitikia bei haraka kuliko zote mbili, nao ni wa vitu ambavyo havikuwa chakavu. Bei ya chuma ikipanda sana, ghafla watu wasiojulikana walianza kuleta vibao vya barabarani vilivyokunjwa mara nne, mifuniko ya mitaro na vyuma vya kingo za madaraja. Ikipanda shaba, ziliingia nyaya zilizochomwa usiku ili plastiki iondoke, nyeusi kwa masizi, zikitoa harufu inayokamata koo. Baba Mdogo alizikataa zenye asili ya reli au umeme, kwanza kwa kuogopa Mungu na pili kwa kuogopa jela. Sijui kwa uhakika ipi ilikuwa ya kwanza. Si tatizo letu peke yetu. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa. Uamuzi kama huo humgusa mwokotaji wa makopo aliye mwaminifu sawasawa na mwizi wa nyaya, kwa kuwa mzani hauwatofautishi.

Hata bila wizi, kitu kilekile kilikuwa na bei nyingi kutegemea kilivyofika. Shaba iliyomenywa kwa kisu ikabaki inang'aa ililipwa zaidi ya iliyochomwa, maana moto huiachia masizi na kuiharibu uso. Tulikuwa na sumaku iliyong'olewa kwenye spika kuukuu, tukiipitisha juu ya kila kitu: ikinata ni chuma, isiponata tunaanza kuulizana. Tulikuwa na tupa ya kukwangua ili tuone rangi ya ndani, kwa sababu kuna koki za bomba zinazong'aa kama fedha juu na kumbe ndani ni shaba ya njano, na kuna zingine zinazong'aa vilevile na ndani hamna kitu. Kila kukwangua kulikuwa kunapunguza wasiwasi wa mnunuzi wa mbele, na wasiwasi wa mnunuzi una bei yake, ambayo hukatwa kwa muuzaji.

Turudi mwaka 2008, kwa kuwa ndio uliotuumiza. Nusu ya kwanza ya mwaka ule bei ilipanda kila mwezi. Katika Soko la Metali la London, ambalo tangu mwaka 1877 limekuwa likitoa bei zinazotazamwa na dunia nzima, tani ya aluminiamu ilipita dola 3,000 mwezi Julai, na ya shaba ilipita dola 8,000. Uturuki, mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chuma chakavu duniani, ilikuwa ikimeza meli baada ya meli. Sisi tulijua tu kwamba tajiri anapiga simu mara mbili kwa siku kuuliza mzigo. Baba Mdogo, aliyekuwa mtu wa tahadhari maisha yake yote, alikopa. Alijaza uwanja, tukaanza kupanga blok za injini mpaka kwenye kibaraza, na kwa kuwa bei ilikuwa inapanda, kila siku ya kuchelewa kuuza ilionekana kama faida.

Septemba benki ya Lehman Brothers ilianguka Marekani, na kwa miezi iliyofuata ujenzi wa nyumba na utengenezaji wa magari ukapoa nchi nyingi kwa wakati mmoja. Desemba shaba ilikuwa chini ya dola 3,000, na Februari aluminiamu ilikuwa chini ya dola 1,500. Hizo ni bei za London, na zina staha: zinashuka ngazi kwa ngazi, na kila siku kuna namba. Tabora hatukupata namba. Tajiri wetu, ambaye sitamtaja, aliacha kupokea simu. Alipopokea baada ya wiki tatu alisema, "Mzee, kaa na mzigo wako kwanza." Baba Mdogo akamwuliza angechukua kwa bei gani, hata ya hasara. Akajibiwa kwamba hakuna bei. Nilikuwa nimesimama karibu na niliuona uso wake. Mtu anaweza kuelewa kwamba kitu chake kimeshuka thamani, lakini ni vigumu kuelewa kwamba tani zako 11 zilizokuwa zikigombewa mwezi uliopita leo haziulizwi hata kwa bure. Ile hesabu ya shilingi 600 za makato ilikuwa imetufikia.

Plastiki nitaigusa kwa haraka, kwa sababu ilikuja kwetu baadaye na sikuipenda. Chupa tupu zina ubishi wa kipekee: lori linajaa kabla halijapata uzito, kwa hiyo unalipa nauli ya kusafirisha hewa, na bila mashine ya kuzibana kuwa marobota hazifiki mbali. Vifuniko lazima vitenganishwe kwa kuwa ni plastiki nyingine. Ukivitia kwenye beseni la maji vinaelea, na vipande vya chupa yenyewe vinazama. Bei yake inategemea mafuta ghafi, maana kiwanda huweza kuchagua kati ya plastiki iliyorejelewa na plastiki mpya inayotokana na mafuta. Mafuta yaliposhuka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya dola 30 mwezi Januari 2016, plastiki mpya ikawa rahisi na mwokotaji akapunguziwa. Kisha mwaka 2018 China, iliyokuwa ikipokea taka za plastiki na karatasi za nchi nyingi, ikafunga mlango kwa aina 24 za taka ngumu, na shehena zilizokuwa zikienda huko zikamwagika kwenye masoko mengine na kushusha bei zake. Ukimweleza kijana anayeokota chupa kwenye stendi ya mabasi ya Tabora kwamba hela yake imepungua kwa sababu ya uamuzi wa Beijing, atakuona unamdharau.

Wakati mwingine, hata hivyo, bei ilipanda bila dunia kujali. Mwaka fulani alikuja mnunuzi mgeni na lori lake, akaegesha barabarani hatua chache kutoka kwetu, akatangaza bei ya juu kuliko yetu kwa karibu theluthi. Baba Mdogo alimcheka siku ya kwanza. Siku ya tatu wateja wote walikuwa upande wa pili, na siku ya nne ubao wetu ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya, ingawa wiki nzima alikuwa ametuapia kwamba haiwezekani kulipa zaidi. Mgeni alijaza lori akaondoka. Keshoyake bei ilirudi ilipokuwa. Nilijifunza kwa siku hizo chache kwamba yale makato ya katikati hayakuwa yote ya lazima, na kwamba kama mji una mnunuzi mmoja, au wawili wanaokunywa kahawa pamoja, hakuna anayejua mstari wa uhitaji umepita wapi hasa.

Hapa narudi kwa mama wa sufuria, maana alikuwa na njia ambayo sikuiona.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Mkaa wa miombo na mivuo ya kuzungusha kwa mkono havifiki huko kirahisi, kwa hiyo chuma chetu hakina budi kusafiri hadi kwenye tanuru la umeme, na kinalipa nauli hiyo. Wahunzi walichukua springi za magari tu, za kufulia mashoka na visu, na ndiyo maana springi ilikuwa na bei yake pekee ubaoni, juu ya chuma kingine chote. Chupa safi za lita moja na nusu zilikuwa na wanunuzi wake hapahapa, wauza asali. Na aluminiamu, ambayo ndiyo ya sufuria, huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo fundi mwenye shimo, mkaa na kijana wa kuzungusha feni analipata kabla ya saa nne asubuhi.

Nyuma ya soko palikuwa na fundi wa namna hiyo. Alichanganya sufuria kuukuu na pistoni za injini, akisema pistoni zinafanya uji utembee vizuri kwenye kalibu. Kalibu yake ilikuwa kasha la mbao lenye mchanga mweusi ulioloweshwa kidogo, na sufuria nzima ikifukiwa humo ili iache umbo lake. Mwaka ule wa 2008 na 2009 watu wa Tabora waliendelea kupika ugali. Sufuria sokoni haikushuka bei kwa sababu London imeshuka, na fundi huyu hakuwa na kilomita 840 za kukata.

Mchana wa siku ileile mama alipita tena mbele ya yadi. Kanga ilikuwa begani, na mkononi alikuwa na sufuria moja mpya ambayo bado ilikuwa na ukungu wa mchanga kwenye vishikio vyake. Baba Mdogo, aliyekuwa amesharudi kutoka msikitini, alimsalimu akamwuliza fundi amempa kiasi gani.

"Hajanipa hela, mzee. Kachukua zangu tatu, nimemwongezea elfu mbili, kanipa hii."

Baba Mdogo aliomba kuishika. Aliipima kwa mkono, akaigonga kwa kucha akasikiliza, akamrudishia na kumwambia ni sufuria nzuri. Mama alipoondoka, alichuchumaa akachora hesabu kwenye udongo kwa kijiti: bei ya sufuria mpya, toa elfu mbili, gawa kwa kilo mbili na robo. Aliifuta kwa kandambili kabla sijamaliza kuisoma. Kisha akaenda kwenye ubao, akalowesha kidole, akaifuta namba ya aluminiamu peke yake, akaandika nyingine iliyozidi kwa shilingi mia mbili. Ya chuma aliiacha kama ilivyo.